Nyumba Isiyo na Mdomo

"Chai imepoa."

Simu ikakatika.

Peng Yi-jou aliitazama supu yake kwa huzuni. Alikuwa amepanga foleni ndefu mbele ya hekalu la Mungu wa Mji, na ndiyo kwanza ameng'ata mpira wa nyama wa kwanza. Alisukuma noti chini ya bakuli, akavaa helmeti, akaondoka bila kungoja chenji.

Katika lugha ya Idara ya Upelelezi, chai ikipoa maana yake ni moja tu. Kuna kitu kimetoka ndani ya Chingshan, au kiko mlangoni.

Na Chingshan si kiwanda cha biskuti. Chipu zinazotengenezwa mle zimo kwenye simu, magari na ndege za dunia nzima, na hakuna kiwanda kingine kinachoweza kuzitengeneza ndogo namna ile bila kuharibu nusu yake. Ukiiondoa Chingshan katika mji wa Hsinchu, kitakachobaki ni upepo na tambi za mchele. Kila ukoo una mtu wake mle ndani. Peng alikuwa na kaka yake.

Yeye mwenyewe alikuwa na sura ambayo ukiiona sokoni asubuhi, mchana umeisahau. Kwa mpelelezi, sura kama hiyo ina thamani kuliko bastola. Bastola pia alikuwa nayo: Walther, chini ya kwapa la kushoto.

Aliwasha skuta yake, Gogoro ya umeme isiyotoa hata mlio, akaingia barabarani.

Redio ilikwaruza sikioni mwake.

"Nyuki Moja, unanipata?"

"Nakupata, Nyuki Mbili. Sema."

"Asubuhi mchoro mmoja umenakiliwa kwenye memori kadi ndani ya chumba cha data. Mchoro wa chipu ya mwakani ya Bluemere, mteja mkubwa wa Chingshan. Kadi haionekani."

"Nani ametoka tangu hapo?"

"Mmoja tu. Kao Li-wei, mhandisi wa chumba hicho hicho. Toyota nyeupe, anaelekea kwako, anaendesha kama anafukuzwa na mama mkwe."

"Amepekuliwa?"

"Mpaka soksi. Hana kitu."

"Sasa anakimbia nini?"

"Ndiyo maana umeitwa, dada."

Toyota ilipita.

Peng alipinda na skuta, goti karibu liguse lami, akaifuata. Upepo wa Hsinchu ulimpiga ubavuni. Toyota ilikata taa nyekundu. Peng akaikata pia. Toyota ilipanda njia ya waenda kwa miguu mbele ya duka la 7-Eleven, mama mmoja akaachia mfuko wa machungwa, yakatawanyika. Peng alipita katikati ya machungwa hayo na kuomba radhi kimoyomoyo.

Mbele, lori lilikuwa limeziba barabara yote.

Ulikuwa mwezi wa saba kwa hesabu ya mwandamo, mwezi ambao milango ya kuzimu huachwa wazi, na mizimu isiyo na wenyewe hutoka kutafuta chakula. Mji mzima huitandikia meza. Lori lile lilikuwa likishusha meza na mahema mbele ya benki, na wabebaji hawakuwa na haraka hata chembe.

Toyota ilifunga breki.

Peng alikwishafika dirishani, Walther mkononi.

"Mikono kwenye usukani."

"Taratibu, dada," alisema Kao. "Gari la kukodi hili."

Alikuwa kijana mtanashati aliyekulia ng'ambo na kurudi akiwa na shahada mbili. Hakutetemeka. Alikuwa akitabasamu, tena tabasamu la mtu aliyekaa kwenye kiti cha mbele akingoja mchezo uanze.

Peng alipitisha mkono wake wa kushoto juu ya mifuko ya Kao, viti, dashibodi na matairi. Mkononi alikuwa amevaa saa ya Casio ya bei ya mwanafunzi, lakini mafundi wa Idara walikuwa wameitoa matumbo na kuipa mengine. Ikikaribia kadi yoyote ya kumbukumbu, hutikisika.

Ilitikisika mara moja, kwenye simu ya Kao. Baada ya hapo, kimya.

"Unakimbia nini?"

"Njaa. Sijala."

Kao akaangalia saa yake. Muda mfupi baadaye akaiangalia tena. Peng hakulipenda hilo. Mtu anayekimbia hutazama nyuma, hatazami saa.

Simu ya Peng ilitetemeka. Alikuwa Mkuu Lo, bosi wake katika Idara, mzee aliyependa maneno machache kuliko alivyopenda mshahara.

"Peng, kadi imepatikana. Mtu amepiga simu hapa. Imo ndani ya pakiti ya kijani, kwenye meza ya sadaka ya Chingshan. Kwenye baraza ya mbele."

Peng hakuhitaji kuelezwa pakiti ya kijani ni kitu gani. Hakuna mtu Taiwan anayehitaji. Ni Guai Guai, vitafunwa vya mahindi vyenye nazi, na jina lake ni kama kumwambia mtoto tulia, kuwa na adabu. Unaiweka juu ya mashine, na mashine inatulia. Lazima iwe ya kijani. Isifunguliwe. Isipitwe na muda. Wahandisi wenye shahada za uzamivu watakucheka ukiwauliza, kisha watakwenda dukani kununua nyingine. Hakuna mlinzi atakayeigusa, maana mashine ikizima kesho yake, ataambiwa ni yeye.

Ndani ya jengo lile lote, hicho ndicho kitu pekee kisichopekuliwa.

"Sasa naelewa ilivyotoka," alisema Peng. "Siku ya sadaka pakiti za zamani hubadilishwa. Kao kaipasua moja, katumbukiza kadi, kaigundisha tena, mtu mwingine kaibeba nje bila kujua."

"Tu Chin-feng, mkuu wa utawala. Huingia na kikapu kila mwaka. Walinzi humfungulia mlango na kuinamisha vichwa."

"Na nani kapiga simu?"

"Hakujitaja. Amesema tuje saa nane, ubani ukishawashwa, tuifungue pale pale."

Upepo ulivuma. Ndani ya Toyota, Kao aliangalia saa.

"Mkuu, mwizi gani anaiba kuku, halafu anaita polisi waje kumhesabu manyoya?"

"Endelea."

"Hawautaki mchoro, na mbio za Kao ni chambo. Wanataka tuukamate."

Mkuu Lo alivuta pumzi. "Baraza hiyo ina nani leo?"

"Wakurugenzi. Wahandisi."

"Na wageni. Bluemere wamekuja kusaini mkataba mpya. Orvane pia. Wamekalishwa safu moja."

Bluemere na Orvane, wateja wawili wakubwa wa Chingshan, walikuwa hawasalimiani. Walikuwa na kesi katika nchi nne, na kila mmoja angelipa chochote kuona mchoro wa mwenzake.

"Nikuulize, Peng. Kwa nini hakuna anayeiweza Chingshan?"

"Mashine zake."

"Mashine zinauzwa. Mwenye fedha ananunua."

"Wahandisi basi."

"Nao wanachukuliwa kila mwezi, kwa mishahara mara mbili. Wakifika huko hawafui dafu. Fikiri."

Peng alifikiri. Aliwafikiria mahasimu wawili wanaoleta siri zao kwenye mlango mmoja.

"Kwa sababu ile nyumba haina mdomo," alisema.

"Haijavuja hata tone kwa miaka thelathini. Ndiyo maana wote wanaileta kazi hapo. Kwa kuwa wote wanaileta, kiwanda kinaona makosa ya wote na kujifunza. Kwa kuwa kimejifunza, hakikosei. Kwa kuwa hakikosei, wanaleta zaidi. Maji hufuata mkondo. Leo mtu anataka kuukata mkondo huo kwa mkono wako mwenyewe."

"Ni nani?"

"Anselm Vogt, dalali wa hisa. Wiki hii ameweka dau kubwa sana kwamba hisa za Chingshan zitaporomoka. Leo ameingia kwa kitambulisho cha mwandishi wa habari, akiwa na mpiga picha wake."

"Na huyo mama mwenye kikapu?"

"Kadi ikitokea, yeye ndiye aliyeibeba. Kamera zitamla mzima mzima. Kwa hiyo sikiliza. Kadi hiyo isionekane. Barazani isionekane, ofisini isionekane, hata mahakamani isionekane. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Nyuki Mbili, kijana mnene aliyeitwa Chung, alifika na gari la Idara na kumtia Kao pingu. Tabasamu la Kao halikupungua.

"Mtachelewa sherehe," alisema.

Peng alitamani kumzaba kofi. Hakumzaba, lakini alitamani sana.

Skuta ilikuwa imebakiza chaji ya kufika kona tu. Peng aliingia kwenye kituo cha betri, akang'oa mbili zilizokufa, akachomeka mbili zilizojaa, akatoka kabla mwenye kioski hajamaliza kupiga miayo.

Baraza ya Chingshan ilikuwa imejaa.

Meza ndefu zilikuwa zimepangwa kwa safu, na juu yake kulikuwa na kuku wazima, mchele, mafuta, tambi za pakiti, vikopo vya soda na bia. Katikati palisimama mnara wa pakiti za kijani, mrefu kumzidi mtu. Wahandisi walisimama na fulana za kampuni, vitambulisho vyao wamevichomeka mfukoni visiungue kwenye ubani. Pembeni kabisa, pipa kubwa la chuma la kuchomea fedha za karatasi za mizimu lilikuwa tayari linatoa moshi.

Peng alikuwa amevua jaketi, amebeba kreti ya soda ya tufaha begani. Hakuna aliyemtazama.

Isipokuwa mmoja.

"Wewe wa soda! Hebu simama!"

Tu Chin-feng alikuwa mwanamke mfupi, nywele amezipulizia dawa zikawa ngumu kiasi kwamba upepo ulikuwa umekata tamaa nazo. Siku nyingine zote wakurugenzi ndio walioiongoza Chingshan. Siku ya sadaka, aliongoza yeye.

"Vikopo vielekeze jina nje. Utawapa ndugu wema mgongo wa kopo? Wewe ukipewa chai kwenye kitako cha kikombe utakunywa?"

Ndugu wema ndiyo mizimu yenyewe. Mwezi ule hakuna anayeita mizimu kwa jina.

"Samahani, shangazi."

"Samahani haigeuzi kopo. Geuza!"

Peng aligeuza vikopo kimoja kimoja, akisogea kando ya meza. Mkono wa kushoto ulipita karibu na mnara wa kijani. Aliusogeza taratibu, juu, kati, chini.

Casio haikutikisika.

Alizunguka upande wa pili. Aliweka vikopo vingine. Kuongeza kitu mezani ni ruhusa. Kuondoa, ubani ukishawashwa, ni mwiko mpaka uishe, maana ndugu wema bado wanakula.

Casio ilikaa kimya.

Alimwona Vogt: mrefu, suti ya kitani ya kijivu, mkoba wa ngozi begani, ukosi wake umefungwa vizuri kuliko wa waandishi wote wa habari wa Asia. Alisimama na mpiga picha wake hatua chache kutoka kwenye mnara, akitazama mara meza, mara geti. Alikuwa anawangoja watu wa Idara.

Mwenyekiti wa Chingshan alichomeka kijiti cha kwanza cha ubani. Watu wote wakainama.

Saa nane.

Peng alinong'ona kwenye kola. "Mkuu, haipo."

"Haipo vipi?"

"Mezani haipo. Nimezunguka mara mbili."

"Vogt anajua?"

"Hajui. Anaitazama meza kama paka anavyotazama jiko."

"Itafute, Peng."

Safu ya mbele, mwanamke wa Bluemere alikuwa amekaa mikono mapajani. Viti viwili kutoka kwake, bwana wa Orvane alisafisha miwani. Hawakutazamana. Peng alimfikiria kaka yake, zamu ya asubuhi, ghorofa ya tatu, na watoto wake wawili. Aliogopa. Alikuwa amewahi kupigwa risasi bandarini Kaohsiung na hakuogopa namna ile.

Alimsogelea shangazi Tu.

"Shangazi, ile pakiti ya zamani ya chumba cha data umeiweka upande gani? Niipange vizuri."

Tu Chin-feng alimgeukia kama ametukanwa.

"Ya zamani? Niiweke mezani? Una wazimu?"

"Nilidhani..."

"Imebakiza siku chache iharibike! Ndugu wema wanakuja mara moja kwa mwaka, wamesafiri kutoka huko mbali, mimi niwatandikie viporo? Wakiharisha? Mashine zikigoma kesho, atakayeitwa ofisini ni nani? Si mimi?"

"Kweli, shangazi. Sasa umeitupa?"

"Kutupa chakula ni dhambi." Alinyoosha kidevu upande wa suti ya kijivu. "Nimempa yule mzungu. Tangu asubuhi anaizunguka meza, nikasema masikini ana njaa. Akakataa. Nikamwambia kula, mwanangu. Akakataa tena. Basi nikamtumbukizia kwenye mkoba. Mgeni akikataa mara mbili ni adabu tu. Hukufundishwa kwenu?"

Peng aling'ata shavu kwa ndani ili asicheke.

Kisha hamu ya kucheka ikamtoka ghafla. Vogt alikuwa amechoka kungoja.

"Mabibi na mabwana!"

Alisema kwa Kichina safi cha darasani, kwa sauti kubwa. Mpiga picha aliinua kamera.

"Nina taarifa ambayo wateja wa Chingshan wana haki ya kuijua. Leo asubuhi mchoro wa siri wa Bluemere umeibwa ndani ya jengo hili. Na umefichwa hapa, mbele ya macho yenu!"

Mwanamke wa Bluemere alisimama. Bwana wa Orvane akavaa miwani.

Vogt alinyoosha mkono, akachomoa pakiti ya kijani katikati ya mnara. Mnara wote ukaporomoka.

Kelele iliyofuata haikuwa ya mchoro. Ilikuwa ya ubani, ambao ulikuwa haujafika hata nusu. Wahandisi mia kadhaa waliguna kwa pamoja. Mzee mmoja wa bodi aliziba macho.

Vogt aliichana pakiti. Vitafunwa vya mahindi vilimwagika, upepo ukavipokea na kuvirusha usoni mwa safu ya mbele.

Hakuna kadi.

Alichana ya pili. Vitafunwa tu. Ya tatu, na ya nne.

"Kumbe ni njaa kweli!" Sauti ya Tu Chin-feng ilipaa juu ya zote. "Nimekupa chakula chako, unakuja kuwanyang'anya ndugu wema midomoni! Mama yako anajua uko hapa?"

Alimkamata mkono wa kulia kwa nguvu zake zote.

Peng alifika upande wa kushoto, akatua kreti miguuni. "Bwana, tafadhali, tulia," alisema, akamshika kiwiko kwa heshima. Casio ilitikisika juu ya mkoba wa ngozi, nusura imng'ate.

Mkono wa Peng uliingia, ukatoka.

Pakiti ilishuka ndani ya kreti. Kopo la soda ya tufaha likachukua nafasi yake, maana mkoba uliokuwa na kitu lazima ubaki na kitu.

Vogt alijikung'uta. Akatazama pakiti zilizochanwa miguuni pake. Akamtazama mama mfupi mwenye nywele ngumu. Peng aliyaona mawazo yakipita usoni mwake, moja baada ya jingine: kikapu, mama huyu, pakiti aliyolazimishwa. Kisha tabasamu likarudi polepole.

"Kumbe iko hapa," alisema. Akainua mkoba ili kamera iuone. "Pakiti niliyopewa na mfanyakazi wa Chingshan kwa mkono wake mwenyewe!"

Akatumbukiza mkono.

Mwanamke wa Bluemere alisogea mbele.

Vogt akatoa kopo la soda ya tufaha, akaliinua juu kabisa, mbele ya kamera, kabla hajalitazama.

Aliyeanza kucheka alikuwa bwana wa Orvane. Alicheka mpaka miwani ikamteleza. Mwanamke wa Bluemere alijizuia, akashindwa. Inasemekana ndiyo mara ya kwanza kampuni zile mbili kukubaliana juu ya kitu chochote.

"Mgeni wetu alikuwa na kiu," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Mpeni na maji."

Walinzi walimshika Vogt mikono yote miwili. Tu Chin-feng hakumwangalia tena. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza na vibao viwili vyekundu vya kuulizia, akiwaomba radhi ndugu wema. Alivirusha. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali.

Wamesamehe. Baraza nzima ikashusha pumzi.

Getini, Vogt aliingizwa kwenye gari la Idara, ubavuni mwa Kao. Peng aliinama dirishani.

"Huna ushahidi wowote," alisema Vogt. "Hata kadi huna."

"Kadi gani?" Peng aliuliza. "Ninachokiona ni viza ya mwandishi wa habari ambaye hajawahi kuandika hata barua kwao. Hiyo inatosha kukulaza kwetu leo. Kesho soko likifunguliwa na hisa zikipanda, wale waliokupa fedha za dau watakutafuta. Ningekuwa wewe, ningeomba nikae ndani kidogo."

Safari hii Kao ndiye aliyeuliza, na tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Niambie kitu kimoja, dada. Kila mwaka yule mama anaitoa ya zamani na kuweka mpya. Kwa nini haikuwa mezani?"

"Ungekulia hapa usingeuliza," alisema Peng. "Mzimu hapewi kiporo."

Chung aliondoa gari.

Peng alirudi barazani na kreti yake. Ubani ulikuwa umeisha, na watu waligawana kuku na tambi huku wakisimuliana upya habari ya kopo, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la chuma. Fedha za karatasi zilikuwa zikiwaka, moto umepanda.

Aliitupa pakiti ya kijani ndani, nzima, bila kuifungua.

Ilinasa juu ya karatasi zilizokuwa bado hazijashika. Plastiki ikaanza kujikunja. Peng alitafuta kijiti cha kuisukumia, na kabla hajakiona, fimbo ya chuma ilipita mbele yake.

Alikuwa Tu Chin-feng. Hakuuliza ni pakiti gani, wala imetoka wapi. Aliichoma kwa ncha ya fimbo, akaizamisha taratibu mpaka chini kabisa, kwenye moto mweupe.

"Chini, binti," alisema. "Ikibaki juu inanuka, watu wanaanza kuuliza."

Peng alitazama ndani ya pipa. Chini, pembeni mwa makaa, palikuwa na mabonge meusi ya plastiki iliyoyeyuka na kuganda. Si moja, na ndani ya kila moja ilichomoza ncha ya kadi. Yalikuwa ya zamani, yamefunikwa na majivu ya miaka.

Alimtazama mama yule. Mama naye alikuwa anatazama moto.

"Umekula?" aliuliza Tu Chin-feng.

"Niliacha supu yangu mjini."

"Vijana wa siku hizi hamli." Alichomoa pakiti mpya ya kijani kwenye mfuko wa aproni, akambandika mkononi. "Weka kwenye skuta yako. Tena usiifungue."

Redio ilikwaruza.

"Peng," ilisema sauti ya Mkuu Lo. "Bluemere wamesaini sasa hivi. Orvane wanaingia kusaini. Nipe taarifa nifunge faili."

Peng alikuwa na swali kooni, juu ya miaka thelathini na tone ambalo halijawahi kuvuja. Alimwona mwanamke wa Bluemere akipita na kuku mkononi, akicheka. Alilimeza swali lake.

"Hakuna kilichotoka, mkuu," alisema.

"Vizuri. Nenda kale."

Aliibana pakiti ya kijani mbele ya usukani, akavaa helmeti. Gogoro ikaondoka kimya, ikielekea hekaluni, ambako foleni ya supu ilikuwa imeanza upya.